Maji ya Kwanza ya Mama Mwende

Nyinyi mliorithi benchi yangu, kwanza toeni chakula chenu kwenye friji ya sampuli. Najua kiko mle. Nimestaafu, lakini mlinzi wa getini bado ni rafiki yangu na huniambia kila kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka chapati mle ndani, kando ya mfuko wenye tumbo la mbuzi, na Daktari Nthenya akanikuta nikitafuna. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nina uhakika nimekula kutoka mfuko wa kushoto. Nilikaa mwezi mzima bila kutamani chapati.

Naitwa Musembi, mtu wa Migwani. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuzunguka Kitui na Makueni nikiuliza watu ni miti gani wanatumia kama dawa, kisha naileta kwenye kituo chetu cha utafiti, naikausha, naisaga, naichemsha, na maji yake nayamwagia minyoo ili tuone nani atashinda. Daktari Nthenya, mwanakemia, ndiye alikuwa mkubwa wangu, ingawa kwa umri angeweza kuwa binti yangu wa kwanza. Yeye alitafuta ni kitu gani ndani ya gome au mzizi kinachoua mdudu. Mimi nilitafuta gome lenyewe, na mtu wa kunieleza habari zake.

Mkienda kukusanya, andikeni lebo kwa penseli. Wino ukikutana na spiriti unayeyuka, na utarudi ofisini na chupa kumi zisizo na jina. Msitie majani kwenye karatasi za nailoni. Zilikatazwa lakini najua mnazo, na majani yataoza kabla hujafika Kitui. Kausheni kivulini. Gome toeni upande mmoja tu wa mti, kipande cha ukubwa wa kiganja, kwa sababu ukizungusha kisu mti mzima umeuua. Mkipiga picha, pigeni ua au tunda, jani peke yake halitoshi. Hapo simu zenu zinawasaidia kuliko nilivyosaidiwa mimi. Lakini ni simu iliyonifanya nikaribie kumzika kaka yangu, na hiyo ndiyo habari iliyonikalisha chini kuandika haya yote.

Mti wenyewe sitautaja. Mkinikuta sokoni mkaniuliza, nitajifanya kiziwi. Unaota kuanzia huku kwetu mpaka vilima vya Mbooni, na sitaki mtu asome hapa halafu akimbilie panga.

Aliyenionyesha mti huo ni Mama Mwende, muuza ndengu wa soko la Tawa. Msimfikirie bibi kizee mwenye vibuyu. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, mwenye mdomo mwepesi na simu mbili, na kanisani kwao ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama. Dawa alifundishwa na nyanya yake, na aliwapa majirani kimya kimya kwa sababu pasta hakupenda mambo ya mizizi. Alipokubali nimtembelee nyumbani, aliniambia nivae suti ili wapita njia wadhani nauza bima.

"Na usiniandike jina kubwa kubwa," alisema. "Andika Mama Mwende. Wako wengi."

Nilifika na fomu yangu. Alipasua magome, akayatia kwenye sufuria jikoni kwake nje, akaacha yachemke. Wakati huo mimi nilikuwa nimepewa sahani ya muthokoi wa moto, na nyinyi mnajua muthokoi wa mtu anayejua kukoboa mahindi ulivyo. Nilikuwa nakula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Sufuria ilipochemka akaiepua, akayamimina yale maji kwenye ndoo, akatia maji mengine juu ya magome yaleyale, akarudisha motoni. Ndoo akaibeba mpaka kwenye banda la kuku. Nakumbuka niliondoa mguu wangu ili asinimwagie kiatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipokosea. Kwetu sisi, hakuna mama anayepika maharagwe bila kumwaga maji ya kwanza. Nimemwona mama yangu akimwaga, mke wangu anamwaga, na nikipika mwenyewe namwaga pia. Ukimwuliza mtu maharagwe yanapikwaje, atakwambia yanachemshwa. Habari ya kumwaga hata haimjii mdomoni. Kwa hiyo nilipomwona Mama Mwende akimwaga, macho yangu yaliona mapishi. Kwenye fomu kulikuwa na mstari ulioandikwa "Mengineyo katika kutayarisha". Nikachora kistari. Pale juu nikaandika: "Magome huchemshwa kwa maji." Nikaomba nyongeza ya muthokoi.

Kituoni nilichemsha magome yale mara moja, nikachuja, nikahifadhi maji.

Minyoo tulikuwa tunaitoa machinjioni. Mchinjaji wa pale aliwahi kuniuliza mbele ya wateja, "Mzee, watu wote wanataka nyama, wewe unataka uchafu wa tumbo. Kwani nyinyi ni kanisa gani?" Unaichagua minyoo ikiwa hai, unaiweka kwenye sahani za kioo zenye maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo. Sahani moja unaiacha hivyohivyo, ya pili unatia dawa ya dukani, ya tatu unatia maji ya mti wako. Halafu unakaa na saa. Siku nyingi hutoki na kitu. Minyoo inaogelea ndani ya dawa yako kwa raha zake mpaka unaona haya kwa niaba ya mti.

Alhamisi ile nilitia maji ya mti wa Mama Mwende, na kabla sijamaliza kuandika saa, minyoo yote ilikuwa imejikunja na kunyooka. Nikaisukuma kwa sindano. Haikutikisika. Ile ya dawa ya dukani bado ilikuwa inacheza. Nilisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Katika miaka yangu yote sikuwa nimeona kitu kama kile. Nilirudia na minyoo mingine, na safari hii nikashika simu na kurekodi.

Daktari Nthenya aliangalia. "Bado uduvi," akasema. "Mpaka tuone uduvi, hii si dawa. Ni maji yanayoua."

Uduvi ni vijidudu vidogo vya maji ya chumvi ambavyo tunaviangulia wenyewe kwenye chupa. Si vimelea, havina kosa kwa mtu yeyote. Tunavitilia dawa ili tujue kama dawa inaua vimelea tu au inaua kila kinachopumua. Mayai yao yalikuwa yamechelewa kuletwa, kwa hiyo kipimo hicho kingengoja hadi Jumatatu. Mimi sikungoja. Jioni hiyohiyo niliitia ile video kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu. Nikaandika jina la mti kwa Kikamba, nikaandika kwamba ni dawa ya mama mmoja wa Tawa anayeitwa Mama Mwende, na nikaweka alama tatu za mikono inayopiga makofi.

Nilijisikia mtu mkubwa, sitaficha. Wapwa zangu waliniita profesa. Kisha Jumamosi usiku kaka yangu Kyalo akauliza, "Inapikwaje?" Nami nikajibu, "Chemsha magome tu, chuja."

Kyalo alikuwa amenunua shamba Mbooni, upande wa kushukia Tawa. Alikuwa fundi wa kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Watu walitoka mbali kuja kuchukua miche yake ya maembe na maparachichi, na kisu chake kidogo cha kazi hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata kumenyea chungwa. Mbuzi wake walikuwa wanakonda kwa minyoo, na tumbo lake mwenyewe lilikuwa limemsumbua muda mrefu. Mti ulikuwa umesimama kwenye mpaka wa shamba lake.

Jumatatu niliinama juu ya darubini kuangalia uduvi. Walikuwa wamekufa. Katika kila sahani yenye dawa, hata ile tuliyoitia dawa iliyochanganywa na maji mengi mpaka ikakosa rangi, walikuwa wamelala chini wote. Daktari Nthenya akasogeza kiti changu, akaangalia mwenyewe, akaniambia nivae glavu na nisiiguse ile chupa tena. Nilikuwa bado natafuta glavu simu ilipolia. Alikuwa Mama Mutheu, mke wa Kyalo.

"Shemeji, Kyalo anakufa," alisema. "Amekunywa ile dawa yako ya minyoo. Mbuzi wanne wako chini. Anatetemeka, hata jina langu hajui. Ngai wakwa, Mungu wangu, tufanye nini?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka niliona sakafu ikija karibu, na Daktari akininyang'anya simu na kumwambia Mama Mutheu ampeleke hospitali mara moja na abebe magome yaliyobaki. Walimfunga Kyalo kwa leso kwenye mgongo wa dereva wa boda boda, mke wake akakaa nyuma kumshikilia, wakashuka vile vilima namna hiyo. Mpaka leo nikiona mtu mzima amefungwa kwa leso nageuza uso.

Aliishi. Nawaambia sasa ili msisome mkiwa na wasiwasi ambao mimi nilikaa nao siku tisa. Lakini mikono yake haikurudi. Inatetemeka, na mtu wa kubebesha miche anahitaji mkono unaotulia kwenye kikonyo chembamba kama kijiti cha kiberiti. Kile kisu kidogo sasa mtu yeyote anaweza kumenyea chungwa.

Na sasa lile ninaloonea aibu zaidi. Siku ile ile ya Jumatatu, nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, niliufungua ule ujumbe wangu, "Chemsha magome tu, chuja", nikabonyeza ufutike kwa wote. Ukafutika. Simu ikaandika pale pale kwamba ujumbe huu umefutwa, na jina langu likakaa juu yake. Nilikuwa mtu wa sayansi, na sikujua hata kuficha.

Lakini video ilibaki, na jina la Mama Mwende lilibaki. Mama Mutheu alilitaja hospitalini akilia, ndugu zake wakalibeba hadi Tawa. Kufikia siku ya soko kila mtu alijua kwamba muuza ndengu amemlisha Kyalo sumu. Niliambiwa alikaa na magunia yake kutwa nzima na hakuna mtu aliyesimama hata kuuliza bei. Kwenye kanisa lao, ambamo Kyalo pia alikuwa anasali, alivuliwa uongozi wa kina mama wakati wazee wakichunguza habari za uganga. Alinipigia simu. Aliniuliza neno moja tu: "Musembi, wewe ulimwambia maji gani?"

Nilishtuka. "Kwani maji ni mangapi?"

Nilisikia kuku kwa nyuma.

"Ni mawili," akasema. "Ya kwanza ni ya viroboto, namwagia banda la kuku. Ya pili ndiyo ya tumbo. Si uliniona? Si nilipita hapo mbele yako na ndoo?"

Nilikata simu. Naandika hivi bila kujipamba: nilimkatia simu yule mama. Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimeondoa hata mguu. Ile dawa ya ajabu niliyoipigia makofi kwenye WhatsApp, ile iliyoangusha minyoo kuliko dawa ya dukani, ilikuwa dawa yake ya viroboto, naye aliijua kwa miaka yote hiyo kuwa ni sumu. Alikuwa na dawa mbili kwenye sufuria moja, mimi nikauliza habari ya moja na kubeba nyingine.

Jumapili ya pili tangu Kyalo atoke hospitali, wazee wa kanisa walimwita Mama Mwende ajieleze baada ya ibada. Mama Mutheu ndiye aliyenijulisha. Alisema maneno mengine pia: "Shemeji, mimi si mtu wa kusoma sana, lakini kwenye kundi kuna kitu ulifuta. Ulifuta nini?" Nikamwambia nitakuja.

Nilikaa nyuma kabisa. Kyalo alikuwa mbele, amevaa sweta kubwa na mikono ameificha ndani yake. Mama Mwende alisimama kando ya madhabahu na kitambaa chake cha kina mama amekikunja mkononi. Pasta alimwuliza kwa upole kama ni kweli anatoa dawa. Alisema ni kweli. Aliulizwa kama alimpa Kyalo. Alisema hajawahi kumpa Kyalo chochote isipokuwa ndengu. Aliulizwa, basi nani? Akaangalia watu, akanifikia mimi kule nyuma, akainamisha macho. Hakunitaja. Nilijua angeweza.

Nikasimama. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyempa ndugu yangu maelezo, kwamba Mama Mwende alinionyesha kazi yake yote bila kuficha, kwamba yeye humwaga maji ya kwanza, na mimi niliona akimwaga nikaandika kistari kwa sababu nilikuwa nakula. Nilisema kwamba niliufuta ujumbe. Kanisa lote liligeuka.

Kyalo ndiye aliyezungumza kwanza. Hakugeuka.

"Huo ujumbe niliusoma kabla hujafuta, Musembi," alisema. "Ni mimi niliuliza, ama umesahau? Nimekaa nyumbani na hii mikono nikingoja nione kama utaacha huyu mama wa watu abebe hii kitu mpaka mwisho."

Mtu aliwahi kunitukana machinjioni, na Daktari aliwahi kuniandikia barua ya onyo yenye kurasa mbili, ya jambo hili hili. Hakuna lililonipiga kama sauti ya kaka yangu siku ile, ambayo hata haikupanda. Nililia mbele za watu, nikiwa na mvi hizi.

Mama Mwende alirudishiwa uongozi wake siku hiyo hiyo, ingawa pasta aliongeza maneno kadhaa kuhusu mizizi. Nilimfuata nje kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa nimekuja na ile fomu, sijui kwa nini, labda nilitaka kumwonyesha kistari changu. Nikamwomba msamaha. Akanyoosha mkono.

"Leta penseli," akasema. "Hii naandika mwenyewe."

Aliegemeza fomu ukutani, akaandika juu ya kistari, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika bei: maji ya kwanza ni sumu, ni ya viroboto, mtoto asikaribie, osha sufuria, maji ya pili nusu kikombe, mwenye mimba hapana. Alijaza mstari, akajaza pembeni, akageuza nyuma akaandika tena. Daktari Nthenya baadaye aliyapima yale maji ya pili. Nguvu yake kwa minyoo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo, na uduvi waliogelea. Bado anayafanyia kazi, kwa hiyo msianze kuchemsha.

Mama Mwende alinirudishia fomu. Alitaka kuondoka, kisha akasimama.

"Musembi, hii karatasi ni ya mti wangu tu?"

"Ndiyo, mwaitu. Kila mti una yake."

"Na kwa ile mingine, hapo pa mengineyo uliandika nini?"

Nilikuwa na droo mbili za fomu kituoni, za watu wa Migwani, Mbooni, Tawa na kwingine, na nilikuwa nikiona ule mstari kwenye kila moja. Kistari. Kistari. Kistari. Nilikuwa nimekula muthokoi kwenye boma nyingi sana.

Basi miaka iliyonibakia kazini niliitumia kurudi. Wengine mnanikumbuka nikipita na boda boda na ule mkoba, mkidhani mzee ameishiwa na kazi. Nilikuwa naenda boma kwa boma, nakaa mbali na chakula, naomba nionyeshwe tangu mti unapoguswa mpaka sufuria inapooshwa. Mzee mmoja alikuwa anaanika mizizi yake siku nne kabla ya kuitumia. Mama mwingine alikuwa anaivundika kwenye jivu. Wote walikuwa wamenionyesha mara ya kwanza, na wote walinishangaa.

Fomu nilizorekebisha ziko droo ya juu. Za droo ya chini zina duara jekundu kwenye kistari. Walionionyesha dawa hizo walikuwa wamekufa nilipofika, na watoto wao walinikaribisha vizuri, wakaniambia dawa ya baba ilikuwa inachemshwa tu. Zile hazifai kutolewa. Dawa zake msizipime, msiziandikie ripoti, msimtumie mtu yeyote picha yake. Kyalo huniuliza kila Krismasi zimebaki ngapi za duara, na mimi humwambia ni zilezile.